Nyuki wa Nyumba ya Marlham

Durban, 4 Juni 2025

Kwa Mama Godelive,

Salamu nyingi kwa jina la Bwana. Samahani kwa kukuandikia kwenye anwani yako binafsi ya barua pepe. Niliiona kwenye jalada la nyumba, na sikupewa ruhusa ya kuitumia hivi. Mimi ndiye Grace aliyekupigia simu jana mchana kuhusu geti. Jina langu hasa ni Gracieuse. Kazini wamelifupisha ili lisiwachoshe wateja.

Ulipokuwa unanisikiliza ulifunika simu kwa mkono, lakini hukuifunika vizuri. Nilikusikia ukisema, "Hawa nao na geti lao, kama wamezaliwa getini." Kwa Kiswahili, na kwa lafudhi ya watu wa kwetu Rumonge. Nilishindwa kuendelea. Ulidhani laini imekatika. Haikukatika. Nilikuwa nimekaa na hedifoni masikioni, nikiogopa kwamba nikifungua mdomo nitakuitikia kwa Kiswahili, na simu zote hapa zinarekodiwa.

Siko Uingereza, Mama. Madalali wanaoiuza nyumba hiyo wana ofisi huko, lakini simu na barua zao tunazijibu sisi huku Pinetown, juu kidogo ya Durban, kwenye ghorofa iliyo juu ya duka la matairi. Hatukatazwi kusema tulipo, ila tumeambiwa tusiilete habari hiyo wenyewe. Mteja akiniuliza kama na kwetu mvua inanyesha, huangalia hali ya hewa ya kijiji chenu kwenye kompyuta kabla ya kumjibu. Ndiyo maana najua kwamba jana Marlham kulikuwa na upepo, na leo asubuhi mlikuwa na ukungu.

Nyumba hiyo nimekabidhiwa mimi. Naijua kwa picha tu: mihimili ya mwaloni iliyopinda na kuwa myeusi, kuta nyeupe katikati yake, ghorofa ya juu iliyotokeza mbele kama mtu anayechungulia barabarani. Bustani pia naijua: nyasi zinazoshuka ngazi kwa ngazi hadi kwenye bwawa, mawaridi, miti iliyokatwa ikawa kama ukuta. Tangazo linasema nyumba ina karibu miaka mia tano, na kwamba bustani zilipangwa na wanawake watatu wa ukoo mmoja, kila mmoja akiongeza yake. Nimelisoma mara nyingi kuliko kazi inavyodai.

Tatizo ni ile bustani ndogo ya nyuma, yenye ukuta wa matofali. Haina picha hata moja. Kila anayekuja kuiona nyumba anarudi akilalamika kwamba geti lake lina kufuli, na kwamba mtunzaji, yaani wewe, anasema ufunguo umepotea. Wameanza kuhisi kuna ubovu unaofichwa. Msimamizi wangu, Nokwanda, amenipa mimi jukumu la kulimaliza jambo hili. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na karatasi zangu za ukimbizi ni za kuhuishwa kila mara. Nikikosa kazi hii, sijui ni ofisi gani nyingine itakubali kuzisoma.

Nakuomba, kama ufunguo upo, uniambie. Kama haupo, unipe kitu ninachoweza kukiandika.

Tafadhali usinijibu kwenye barua pepe ya ofisi.

Wako kwa heshima,
Gracieuse


Marlham, 8 Juni 2025

Mwanangu Gracieuse,

Kumbe namtukana mtoto wa kwetu masikioni mwake! Pole. Lakini na wewe, mtu haandiki barua ndefu hivi bila kumtaja baba yake. Wewe wa nani?

Ukungu uliouona kwenye kompyuta ulikuwa umekalia nguo zangu nilizoanika. Siku nyingine uniambie mapema.

Hilo tangazo lenu halijasema yote. Mihimili mizuri, sawa. Lakini katikati ya mihimili kuna nini? Fito, mwanangu. Fito zimesukwa, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, kisha chokaa juu. Nyumba ya bibi yangu Rumonge ilikuwa hivyo hivyo, na sisi tuliionea aibu tukalilia matofali. Huku, sebuleni, wameacha kipande cha ukuta bila chokaa, wakakiwekea kioo na fremu kama picha ya arusi. Siku ya kwanza Bibi Thorley aliponionyesha nilidhani ananitania.

Huyo ndiye mwenye nyumba. Nilimtunza miaka minane, na Septemba iliyopita akafariki. Hakuzaa. Mpwa wake yuko Kanada, ndiye anayeuza, na ameniomba nikae niwafungulie watu milango mpaka mnunuzi apatikane. Baada ya hapo nitahama.

Kuhusu geti: andika kuna nyuki. Wazungu wanawaheshimu nyuki. Andika kwamba mizinga iko karibu na geti na mtunzaji hafungui kwa usalama wa wageni. Wataelewa.

Nisalimie mama yako, kama unaye.

Godelive


Durban, 20 Juni 2025

Mama Godelive,

Asante. Niliandika nyuki, kama ulivyosema, na Nokwanda alifurahi. Alisema nyuki ni sababu safi. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi nilikula chakula changu cha mchana chote.

Umeniuliza mimi ni wa nani. Baba yangu aliitwa Léonidas, fundi cherehani wa sokoni Rumonge. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mwaka 2015, ule mwaka wa fujo, dawa zilipotea na barabara ya kwenda hospitali ikafungwa. Tulimzika, na haikupita wiki mbili tukavuka kuingia Tanzania. Nilikuwa na miaka kumi na nne. Mama ni mtu wa Uvira, ndiyo maana nakuandikia Kiswahili. Kirundi nakisikia lakini kukiandika kunanishinda. Anauza vitenge pale Warwick, kwenye soko lililo chini ya madaraja, na meza yake ni ya rangi zote. Yeye mwenyewe huvaa bluu nyeusi tu.

Nilimsimulia habari ya ukuta wenu. Alikuwa anakunja vitenge, akasimamisha mikono.

"Iko kioo juu ya udongo?"

"Iko, Mama."

"Na mavi ya ng'ombe ndani?"

"Ndani."

"Na watu wanakuja na pesa kununua?"

"Wanakuja."

Akaanza tena kukunja. "Eh. Léonidas angecheka mpaka cherehani isimame."

Ni muda mrefu sijamsikia akilitaja jina hilo bila kuulizwa. Nilianza kumsaidia kukunja, polepole, nisije nikalitisha.

Nina ombi dogo ambalo si la kazi. Picha zote tulizo nazo zimepigwa kutoka nje kuitazama nyumba, au ndani kutazama ndani. Hakuna hata moja inayoonyesha mtu akisimama dirishani anaona nini. Kwetu tunakaa ghorofa ya saba, South Beach, na dirisha letu linatazama dirisha la jengo jingine. Ukiwa juu, kwenye kile chumba chenye boriti zinazoshuka mpaka sakafuni, unaona nini?

Wako kwa heshima,
Gracieuse


Marlham, 29 Juni 2025

Mwanangu,

Simkumbuki baba yako; mimi niliondoka Rumonge mwaka 1996. Lakini mafundi cherehani wa pale sokoni nawakumbuka, miguu ikicheza na midomo haipumziki. Mungu ampumzishe.

Umeniuliza ukiwa juu unaona nini. Ungeuliza kitu kingine ningekudanganya kwa raha, lakini swali hili limenikuta nimesimama pale pale dirishani.

Naona ukuta wa matofali, na ndani ya ukuta mpeasi mzee, mpana, umeegemea gongo. Hakuna nyuki. Ufunguo haujapotea, uko kwenye pindo la kitenge changu. Chini ya mpeasi ule yupo Bibi Thorley.

Walimchoma, kama wengi wafanyavyo huku, na majivu yakabaki kwa watu wa mazishi, hakuna aliyekwenda kuyachukua. Mpwa akaniambia kwa simu, "Yaweke popote alipopenda." Nilijua alipopenda. Nilichimba mwenyewe.

Sasa sikiliza. Mwaka wake wa mwisho aliniuliza mtu akifa kwetu tunafanyaje. Nikamweleza: tunakaa matanga, halafu tunangoja. Mwaka ukitimia watu wanakusanyika, wanakunywa pamoja, jina lake linatajwa mbele ya wote, mjane anavaa rangi, na hapo ndipo mali inaguswa. Tunaita kuganduka. Akaniuliza, "Na asiye na mtu?" Nikasema hakuna asiye na mtu. Akasema, "Basi na mimi nifanyie hivyo."

Nyumba siwezi kuizuia, si yangu. Watu wanapita vyumbani wanapima kuta, wanafungua makabati, nami nawapisha. Lakini pale alipolala, wasikanyage mpaka mwaka utimie. Ni Septemba 13. Hicho tu ndicho ninachokitaka, mwanangu. Baada ya siku hiyo nitalifungua geti kwa mkono wangu.

Na wewe, hujaniambia. Mliganduka kwa baba yako?

Godelive


Durban, 11 Julai 2025

Mama Godelive,

Hapana. Hatukuganduka.

Tulipofika huku tulikuwa tunatafuta pa kulala, baadaye shule, baadaye karatasi. Miaka ikapita. Watu wa kanisani walipomwambia Mama tuanue matanga hapa hapa, aliwauliza, "Wapi? Kwenye balkoni ya kuanikia nguo?" Hawakurudia. Kwenye arusi anakaa nyuma, karibu na mlango, na akiitwa kucheza anasema bado. Mimi nilikuwa nikidhani anasema amechoka. Barua yako ndiyo iliyonifundisha anamaanisha nini.

Siri yako ya geti sijamwambia mtu.

Asubuhi hizi ni za baridi. Taksi ya Pinetown inapanda mlima madirisha yamefungwa, na mimi naangalia kwenye simu kama Marlham mna jua. Mna jua.

Kuna jambo jingine la kazini nilitaka kukuandikia, lakini nimelifuta mara kadhaa. Si kubwa.

Gracieuse


Marlham, 2 Agosti 2025

Gracieuse,

Leo saa nne asubuhi nimefungua mlango, nikamkuta mzee amevaa nguo nyeupe tupu, wavu umemshukia usoni mpaka mabegani, na mkewe nyuma yake ameshika chombo cha moshi. Nilidhani malaika wamekosea nyumba.

Anaitwa Bwana Pettifer. Amefuga nyuki maisha yake yote. Anasema nyumba za zamani zenye bustani ameziona nyingi, lakini yenye nyuki wake tayari ndiyo hii tu, na ndiyo sababu ya kuja. Anasema nisihofu kwa ajili yake, haogopi kuumwa.

Nikamwambia nyuki wamelala. Saa nne, mwezi wa Agosti, jua limewaka. Akaenda akaweka sikio kwenye geti, akasikiliza muda mrefu. Halafu akaniangalia, akamchukua mkewe wakaenda zao. Afadhali angenikaripia.

Jioni mpwa akapiga simu. Ofisi yenu imemwomba ruhusa ya kuleta fundi wa kufuli Ijumaa tarehe 15, na amekubali. Kwa nini asikubali? Habari za mwaka sikumweleza, angedhani nimechanganyikiwa. Yeye hakujua. Wewe ulijua, ukaandika "si kubwa".

Sikulaumu kwa kuogopa. Nakulaumu kwa kuniacha nifungue mlango bila kujua nani amesimama nje. Kwetu hatufanyiani hivyo.

Godelive


Durban, 4 Agosti 2025

Mama Godelive,

Nilisoma barua yako kwenye taksi, nikapitiliza kituo, nikarudi kwa miguu. Yote uliyoandika ni kweli. Bwana Pettifer aliniandikia tangu mwanzo wa Julai akiuliza nyuki ni wa aina gani, na mimi nikamjibu kwa maneno yasiyosema kitu, nikitumaini atachoka. Uoga wangu ndivyo ulivyo. Haupigi kelele, unaahirisha.

Leo sikuahirisha. Nilikwenda mezani kwa Nokwanda kabla simu hazijaanza, nikamwambia fundi wa kufuli asitumwe.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ufunguo upo."

"Upo. Na nyuki?"

"Nyuki hawapo."

Akavua hedifoni akaiweka mezani. "Eish. Kaa chini."

Nikamweleza yote: mpeasi, majivu, ahadi, mwaka. Nikamwambia Septemba 13 ni Jumamosi. Nikamwambia badala ya kuvunja kufuli tuwaandikie wote waliokosa kuiona ile bustani, kwamba siku hiyo geti litakuwa wazi, na kwamba mtunzaji atawaeleza habari za mwenye nyumba, na kwamba ndipo alipozikwa. Tusiwafiche. Atakayeogopa, asije.

"Mama yangu," alisema Nokwanda, "alivaa nyeusi mwaka mzima kwa ajili ya baba. Siku ya kuzivua tulizichoma uani, KwaMashu, majirani wote wakaja kula. Ulifikiri nitakucheka?"

"Ndiyo."

"Miezi mitatu uko hapa, hujawahi kuniambia sentensi mbili zikifuatana. Nitaongea na mpwa. Wewe waandikie hao watu kabla sijabadili mawazo. Na huyo mzee wa nyuki, mwandikie wewe mwenyewe, kwa jina lako kamili."

Nimemwandikia. Nimemwambia hakuna nyuki na hatukuwa nao. Nimemwambia pia kwamba niko Durban, sijui kwa nini niliongeza hilo. Hajajibu.

Jioni nilimsimulia Mama. Aliinuka, akachagua kitenge kutoka kwenye mzigo wa kesho, cha manjano chenye majani makubwa, akakikata katikati kwa mkasi wa baba. Nusu itakufikia kwa posta ya haraka. Anasema mtu mmoja haanui matanga, na wewe huko huna watu wa kwenu. Basi uvae hiyo, na yeye ana nusu yake huku, mtakuwa wawili.

Ana ombi. Anauliza kama, ukishamtaja Bibi Thorley, unaweza kulitaja na jina la Léonidas. "Mwambie hata kwa sauti ndogo," amesema. "Yeye yuko na udongo. Sisi huku tuko hewani."

Unisamehe.

Gracieuse


Marlham, 14 Septemba 2025

Mwanangu Gracieuse,

Nilishakusamehe siku posta ilipoleta kitenge. Sikukuandikia kwa sababu nilitaka kwanza niwe na la kukuambia.

Jana asubuhi nilivua sweta nyeusi, nikajifunga ile manjano. Bibi wa duka la mkate alipita akasema, "Godelive, leo kuna arusi?" Nikamwambia karibu na hapo.

Mtama wa kupikia pombe hapa haupo. Nilichuma mapeasi ya mti wenyewe, nikayakamua, nikayaweka kwenye mtungi wa maua wa Bibi. Nikakaanga mandazi. Nilijiambia wakija watano nitashukuru. Walikuja wengi, magari yakajaa mpaka kanisani. Wengine walikuja kwa ajili ya nyumba, wengine, nadhani, kwa sababu ya kufuli. Majirani nao wakaja, walidhani hawajaalikwa mpaka wakaona moshi wa mandazi.

Nikafungua pindo, nikatoa ufunguo mbele yao. Nyuma nikasikia sauti ya Bwana Pettifer: "Kumbe umepatikana." Alikuja, ndiyo, safari hii amevaa koti la kawaida. Mkewe akampiga kiwiko.

Waliingia polepole, kama watu wanaoingia chumba cha mgonjwa. Hapakuwa na cha ajabu, mwanangu. Nyasi ndefu, mpeasi, jiwe dogo. Nikawamiminia kila mmoja. Nikawaambia kwetu hatunywi mpaka jina litajwe, na nikalitaja: Rosalind Thorley. Nikasema alikuwa mkaidi, alikuwa akiiba sukari aliyokatazwa na daktari, alijua jina la kila waridi na akasahau la waziri mkuu. Mzee mmoja wa kijijini akasema, "Na alinirushia kiatu mwaka 1971." Wakacheka. Kila jirani akaongeza lake. Mpwa alikuwa kwenye simu ya jirani, Kanada bado hapajapambazuka, na yeye akasema neno, kisha akashindwa kumaliza.

Nilipoona wametulia nikataja la pili. Nilikusudia sauti ndogo, kama alivyosema mama yako. Lakini haikutoka ndogo. Nikasema: Léonidas, fundi cherehani, wa Rumonge.

Wanaume wenye kofia wakazivua. Hakuna aliyeuliza kitu, isipokuwa mama mmoja aliyeninong'oneza kama huyo alikuwa mume wa Bibi Thorley. Nikamwambia hapana, alikuwa mshona nguo. Akanishika mkono akasema, "Pole sana," kana kwamba hilo limemweleza kila kitu. Wakanywa. Kwa ajili yake pia, mwanangu, wote wakanywa.

Walipoondoka, Bwana Pettifer alibaki akiuzunguka mpeasi. Akaniambia binti wa Durban alimwandikia barua ya adabu sana, na kwamba tangu aanze kutafuta nyumba hiyo ndiyo barua ya kwanza ambayo hakuhitaji kuisoma mara mbili. Akasema pembe ile ya ukuta ina joto, inafaa mizinga. Akaniuliza nyuki wakiwa karibu hivi na Bibi, je, kuna ubaya? Nikamwambia Bibi angewarushia kiatu, lakini wangezoeana.

Sijui kama atanunua. Mimi nimemaliza.

Mwambie mama yako walisimama wote.

Godelive


Durban, 5 Oktoba 2025

Mama Godelive,

Nimekawia kwa sababu nilitaka kukupa habari zikiwa zimekamilika, na unajua namna yangu.

Bwana Pettifer amekubaliwa. Ijumaa niliweka mimi mwenyewe neno "imeuzwa" juu ya picha ya mbele. Baada ya muda mfupi ukurasa wote utaondolewa. Mpwa ametuandikia kwamba utahamia Ipswich, kwa mzee mwingine, ghorofa ya tatu isiyo na bustani. Nikisoma hilo nahisi kama ni mimi ninayehama, ingawa sijawahi kuikanyaga hata ngazi moja ya ile nyumba. Nokwanda amenipa mkataba. Nyumba niliyokabidhiwa sasa ni mpya, ya matofali, na kila chumba kina picha kutoka dirishani, nimeziomba. Lakini asubuhi kwenye taksi bado naangalia kwanza Marlham. Leo wanasema mvua nyepesi mpaka mchana.

Jumamosi ile ya tarehe 13 nilimngoja Mama avae nusu yake. Hakuvaa. Aliiweka mapajani siku nzima. Barua yako ilipofika nilimsomea, akaniambia nirudie, na nilipofika penye kofia akanisimamisha.

"Walikuwa wamekaa ama walisimama?"

"Walisimama, Mama. Ameandika wote."

"Na walikunywa?"

"Walikunywa."

Akaingia chumbani akafunga mlango. Sikugonga.

Jana nilimpelekea chakula Warwick. Nilimtafuta kwa ile bluu yake, kama ninavyomtafuta siku zote, nikapita meza yake bila kumwona. Ikabidi nirudi. Alikuwa amesimama mbele ya vitenge vyake vyote amevaa manjano, majani makubwa yamemzunguka kiunoni, na mteja mmoja, mama wa Kikongo mwenye haraka, ameshika pindo la nguo yake akiuliza hicho ni kiasi gani, anataka hicho hicho.

"Chagua kwenye meza," Mama alimwambia. "Hiki si cha kuuza."

Mwanao,
Gracieuse